Fremu sita za Sam Nzima

Kila ifikapo Juni 16, watoto wa shule katika mikoa ya Tanzania na kaunti za Kenya hupangwa mistari, hupewa mabango na kuandamana hadi uwanjani, ambako mgeni rasmi huchelewa kufika, kisha huwasomea hotuba ndefu juu ya haki zao. Ni Siku ya Mtoto wa Afrika, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1991 kwa uamuzi wa uliokuwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Katika hotuba hizo Soweto hutajwa. Hector Pieterson naye hutajwa, ikiwa aliyeandika hotuba alijisumbua kusoma. Jina la mtu aliyeifanya dunia imjue Hector Pieterson sijapata kulisikia jukwaani.

Mtu huyo ni Sam Nzima, mpigapicha wa gazeti la The World la Johannesburg. Aliajiriwa mwaka 1968, akafanya kazi kama mpigapicha yeyote wa gazeti anayetumwa leo huku, kesho kule. Asubuhi ya Jumatano, Juni 16, 1976, akapiga fremu sita zilizomfukuza kazini. Miaka minane ya ajira, sekunde chache za kazi aliyokumbukwa nayo, na miaka zaidi ya 40 ya kuishi na matokeo yake. Wapigapicha wengi wa magazeti maisha yao huenda kinyume cha hapo: hupiga makumi ya maelfu ya picha, isikumbukwe hata moja, kisha wakastaafu na mgongo mbovu.

Masana Sam Nzima alizaliwa Agosti 8, 1934, katika kijiji cha Lillydale, Bushbuckridge, eneo ambalo leo limo mkoani Mpumalanga, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Kruger. Baba yake alikuwa kibarua wa mkulima wa Kizungu. Shuleni kwao kulikuwa na mwalimu mwenye kamera, na kijana akavutiwa nayo hadi akajinunulia yake, Kodak Brownie. Hiyo ilikuwa kamera ya watu wa kawaida: kisanduku chenye lenzi, kitufe na tundu la kuchungulia. Wakati wa likizo aliibeba na kwenda nayo Kruger kupiga picha.

Lakini mkulima alitaka mtoto wa kibarua wake naye awe kibarua. Ndivyo mambo yalivyokuwa kwenye mashamba ya Makaburu: familia ilipoishi kwenye ardhi ya bwana, nguvu za watoto nazo zilihesabiwa kuwa mali yake. Nzima alifanya kazi shambani kwa miezi kadhaa, kisha akatoroka, akapanda treni kwenda Johannesburg.

Huko alianza kwa kutunza bustani za watu huku akiendelea kujisomea. Mwaka 1956 akapata kazi ya kuhudumia wageni mezani katika Hoteli ya Savoy, na hapo akakutana na Patrick Rikotso, mpigapicha aliyemfundisha ufundi ambao Brownie isingeweza kumfundisha. Mwaka 1960 alihamia Hoteli ya Chelsea, bado mhudumu, lakini sasa akiwapiga picha wafanyakazi wenzake waliotaka kupeleka sura zao nyumbani. Wakati huohuo alikuwa msomaji wa gazeti la Rand Daily Mail, na katika kulisoma akaanza kufikiri kwamba hata yeye anaweza kuandika. Akaandika habari juu ya shida za usafiri wa mabasi, akaipeleka The World. Ikapendwa. Akawa mchangiaji wa kujitegemea na hatimaye, mwaka 1968, mwajiriwa.

Naipenda sehemu hii ya maisha yake kwa sababu ndiyo njia ambayo wapigapicha wengi wa Afrika ya Mashariki wameipita, hata walio kazini leo. Wachache sana walisomea upigaji picha darasani. Mmoja alianza na picha za kipaimara na harusi, mwingine alikuwa dereva wa gazeti akaazimwa kamera siku mpigapicha alipougua, mwingine alikuwa msaidizi wa studio mtaani, kazi yake kuanika picha zikauke. Ufundi huu hupokewa mkononi kwa mtu, na anayekupa huwa hana cheti cha kukupa.

Gazeti lenyewe lina hadithi yake. The World lilisomwa na Waafrika, liliandikwa na Waafrika, na lilimilikiwa na kampuni ya Argus ya Wazungu. Kwa miaka mingi lilijaza kurasa zake habari za mpira, ndondi, mauaji na fumanizi, maana mwenye gazeti hakuwa na hamu ya kugombana na serikali. Percy Qoboza alipokabidhiwa kiti cha uhariri katikati ya miaka ya 1970, lilianza kusema mengine. Mpigapicha mweusi wa gazeti wakati huo alibeba vitu viwili ambavyo asingethubutu kuvisahau nyumbani: kamera na kitabu cha pasi ambacho Waafrika walilazimishwa kutembea nacho. Bila ya kwanza hakuna kazi. Bila cha pili unalala mahabusu.

Peter Magubane, mpigapicha mkongwe aliyefanya kazi jarida la Drum na baadaye Rand Daily Mail, aliwahi kuficha kamera yake ndani ya mkate aliouchimba katikati, akapiga picha huku akijifanya anakula. Alikaa siku 586 katika kifungo cha upweke, akapigwa marufuku kushika kamera kwa miaka 5, na mwaka huohuo wa 1976 polisi wakamvunja pua. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Nzima na wenzake.

Chanzo cha yaliyotokea Soweto kinajulikana. Mwaka 1974 serikali iliagiza kwamba katika shule za Waafrika nusu ya masomo, yakiwemo hisabati na maarifa ya jamii, yafundishwe kwa Kiafrikaans. Walimu wengi hawakukijua vya kutosha, wanafunzi hawakukitaka kabisa, kwa kuwa kilikuwa lugha ya polisi na ya karani wa pasi. Mapema mwaka 1976 wanafunzi walianza kugoma shule moja baada ya nyingine, na Juni wakapanga maandamano ya pamoja kuelekea Uwanja wa Orlando.

Nzima alifika Soweto alfajiri akiwa na mwandishi Sophie Tema, kwa gari la gazeti. Walianzia Shule ya Sekondari ya Naledi, ambako wanafunzi walikuwa wakiandika mabango ya kukikataa Kiafrikaans. Aliwapiga picha wakiandika. Baadaye akaufuata msafara kwa miguu, maelfu ya watoto waliovaa sare, hadi Mtaa wa Vilakazi, Orlando West, ambako polisi walikuwa wamefunga njia.

Kwa simulizi yake mwenyewe, aliyoirudia kwa miaka mingi bila kubadilisha mambo ya msingi, ofisa wa polisi aliwaamuru watoto watawanyike. Hawakutawanyika. Wakaanza kuimba Nkosi Sikelel' iAfrika, wimbo ambao Mtanzania angeutambua kwa noti mbili za kwanza tu, maana muziki wake ni huohuo wa Mungu Ibariki Afrika, kazi ya Enoch Sontonga. Ofisa huyo akachomoa bunduki na kufyatua risasi kuelekea umati. Askari wengine wakafuata. Watoto wakakimbia huku na huku.

Katika kukimbia huko, mtoto mmoja, Hector Pieterson, akaanguka. Alikuwa na umri wa miaka 12. Kijana mrefu aliyevaa ovaroli akainama, akambeba mikononi, akaanza kukimbia. Kando yake akakimbia msichana mwenye sare ya shule, dada wa aliyebebwa. Nzima alikuwa mbele yao. Akapiga fremu sita, mojamoja, akisogeza filamu kwa kidole gumba kila baada ya picha.

Wasomaji waliozaliwa na simu mkononi wanahitaji kuelezwa hapa. Kamera ya Nzima ilikuwa Pentax SL, aina ambayo haina kipimamwanga ndani. Mpigapicha alikadiria mwanga kwa jicho lake, akaweka kasi ya shata na tundu la lenzi kwa mkono, akalenga umbali kwa kuzungusha lenzi, kisha ndipo akabonyeza. Hakuna kioo nyuma cha kukuonyesha umepata nini. Filamu ilikuwa na fremu 36, na fremu ya 36 ikiisha, unalazimika kuirudisha filamu ndani ya kikopo chake, ufungue kamera na kupachika nyingine, hata kama risasi zinalia. Mtu anayekimbia kuja kwako akiwa amebeba mtoto anatoka nje ya umbali ulioulenga kila anapopiga hatua. Ili picha ile itoke kali namna ile, mikono ya Nzima ilibidi ifanye yote hayo bila kukiuliza kichwa. Hapo ndipo miaka minane ya mechi na mikutano ilipolipa.

Itazame tena picha yenyewe, kama unayo karibu. Haina polisi. Haina bunduki, haina moshi wala gari la deraya. Ina watu watatu. Mbuyisa Makhubu, miaka 18, mdomo umekunjamana kwa kilio, amemshika Hector kama anayeogopa kumwongezea maumivu. Kichwa cha Hector kimelala nyuma, damu mdomoni, kiatu kimoja kimekwishatoka. Antoinette, dada yake, miaka 17, ameinua kiganja, na hujui kama anamsukuma mtu, anaomba, au anajikinga. Tuko mbele yao, nao wanatujia. Ndiyo sababu picha hii haikuhitaji maelezo marefu chini yake. Anayetazama analazimika kujiuliza wanamkimbia nani, na jibu lake ndilo lililoitesa serikali ya Pretoria.

Kuna swali linaloulizwa kila mara mpigapicha anapopiga picha ya mtu anayekufa: kwa nini hakuweka kamera chini akasaidia? Kevin Carter, Mwafrika Kusini mwingine, aliulizwa hilo hadi mwisho wa maisha yake kwa sababu ya picha ya mtoto na tai aliyoipiga Sudan mwaka 1993. Kwa Nzima swali hilo halina pa kukaa. Gari lililombeba Hector kwenda kliniki ya Phefeni lilikuwa gari la gazeti, Sophie Tema akiwa ndani. Gazeti liliripoti, na hapohapo likawa ambulensi. Kliniki wakakuta ameshafariki.

Nzima alijua alichonacho. Akaitoa filamu ndani ya kamera, akaikunja ndani ya soksi yake, akapachika nyingine. Polisi walipomkamata baadaye, walimlazimisha kufungua kamera na kuzianika filamu alizokuwa nazo juani, na filamu ikishaona jua imekufa. Ile ya kwenye soksi ikafika chumba cha giza.

Ofisini ukazuka ubishi ambao wahariri wanaujua. Wengine waliona kuchapisha picha hiyo ni kuwasha moto nchi nzima. Wengine wakaona hakuna namna nyingine ya kueleza kilichotokea. Ikachapishwa. Mashirika ya habari yakaichukua na kuitawanya, na katika muda mfupi ilikuwa kwenye kurasa za mbele za magazeti ya mabara mengine. Juni 19, siku tatu tu baada ya risasi ya kwanza, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 392 la kulaani mauaji hayo. Sitadai kwamba picha ndiyo iliyopitisha azimio. Mabalozi wana sababu zao. Lakini hakuna aliyekuwa na nafasi tena ya kusema hajaona. Nchini Afrika Kusini kwenyewe moto ulikuwa umeshasambaa. Idadi inayotajwa mara nyingi ni vifo 176, na wapo wanaokadiria mamia zaidi.

Mwangwi wa Soweto ulifika hadi Morogoro. Maelfu ya vijana walivuka mipaka baada ya Juni 1976, na ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ikajikuta ina wapiganaji ambao hawajamaliza shule. Tanzania ikatoa ardhi Mazimbu, palipokuwa shamba la mkonge, na hapo ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyeondoka nchini mwaka huo wa 1976, akarudi na silaha, akakamatwa na kunyongwa Aprili 6, 1979. Majengo hayo leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Mwanafunzi wa SUA anayekatiza Mazimbu na madaftari yake anatembea mahali palipojengwa kwa sababu ya siku ambayo Nzima aliificha kwenye soksi.

Kwa Nzima mwenyewe, malipo yalikuja haraka. Alionywa kwamba polisi wameagizwa: akionekana na kamera apigwe risasi, halafu itaandikwa kuwa risasi ilipotea njia. Wanafunzi walikuwa bado wanauawa mitaani, na risasi moja zaidi isingemshangaza yeyote. Alifanya hesabu ambayo mtu mwenye mke na watoto huifanya. Akaacha kazi, akafunga mizigo, akarudi Lillydale alikotoroka akiwa kijana. Huko akafungua duka la pombe. Polisi wa usalama wakamfuata hukohuko, wakamweka chini ya kizuizi cha nyumbani kwa miezi 19. Gazeti lake nalo halikudumu. Oktoba 19, 1977, serikali iliifunga The World pamoja na Weekend World, ikamweka Qoboza kizuizini bila kesi.

Hivyo mtu aliyepiga mojawapo ya picha zilizochapishwa zaidi katika karne ya 20 alikuwa kaunta, akiuza bia kijijini. Hakurudi tena katika kazi ya gazeti. Baadaye aliingia katika bunge la Gazankulu, mojawapo ya zile nchi za bandia ambazo Makaburu waliwapangia Waafrika, jambo ambalo waliomshangilia kama shujaa hawapendi kulitaja. Mimi nalitaja kwa sababu maisha ya mtu ni marefu kuliko picha yake, na Nzima alikuwa na miaka mingi ya kuishi mahali ambapo serikali ilimfungia.

Wakati huo picha ilikuwa ikizunguka bila yeye. Ilikuwa kwenye mabango ya mikutano ya London na Amsterdam, kwenye fulana, kwenye vitabu vya shule, kwenye kalenda, kwenye majalada. Iliwaingizia fedha wengine. Hakimiliki ilikuwa ya kampuni ya gazeti, si ya aliyebonyeza. Nzima alianza kuidai, barua kwa barua, kampuni ikibadilisha wamiliki naye akibaki mdai yuleyule. Mwaka 1998, ikiwa imepita miaka 22, kampuni ya Independent Newspapers iliyokuwa imeirithi Argus ilimkabidhi haki za picha yake. Alikuwa na umri wa miaka 64 hivi.

Mfananishe na mpigapicha Mohamed Amin. Huyu alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, akaanzisha Camerapix katika jiji hilohilo. Alipiga picha mapinduzi ya Zanzibar, akafungwa huko, akapiga njaa ya Ethiopia mwaka 1984, akapoteza mkono wa kushoto Addis Ababa mwaka 1991 ghala la silaha lilipolipuka, na akafa Novemba 23, 1996, katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka baharini karibu na Komoro. Alikabiliwa na hatari kuliko Nzima, pengine mara nyingi zaidi. Tofauti yao ilikuwa kwenye makaratasi. Amin aliuza picha lakini hakuuza negativu. Zilibaki kwenye makabati yake Nairobi, na watu wake wanazo mpaka leo. Alikuwa mfanyabiashara mgumu, na wapo waliomnung'unikia kwa hilo. Mimi naona alikuwa sahihi.

Tuje kwetu. Fungua gazeti lolote la Kiswahili, tazama chini ya picha. Mara nyingi utakuta "Picha na Mpigapicha Wetu". Siku hizi kuna mbaya zaidi: "Picha kwa hisani ya mtandao", kana kwamba mtandao ulitoka nyumbani asubuhi, ukapanda bodaboda, ukasimama juani saa tatu. Sababu za zamani za kuficha jina zilikuwa za maana. Mpigapicha aliyekuwa kwenye vurugu hakupaswa kutambulika kwa waliopiga watu. Sababu hiyo bado ipo. Waandishi wa Iringa hawajasahau Septemba 2, 2012, pale Nyololo, Mufindi, alipouawa Daudi Mwangosi wa Channel Ten akiwa kazini, na picha za tukio hilo zilizopigwa na wenzake ndizo zilizofanya maelezo ya juujuu yasiweze kusimama. Kwa picha za namna ile, ficha jina kama mwenyewe ameomba. Lakini picha ya soko la Kariakoo, ya mnada wa ng'ombe, ya mafuriko ya Jangwani, ya mwanariadha anayekata utepe, jina linafichwa kwa hatari gani? Ni uvivu wa dawati, basi.

Uvivu huo una gharama. Sheria zetu zinaitambua picha kuwa kazi yenye hakimiliki. Tanzania ina sheria ya mwaka 1999, Kenya ina ya mwaka 2001. Ila mpigapicha wa kujitegemea anayelipwa kwa picha, tena akilipwa mwezi wa tatu, mara nyingi hana karatasi yoyote inayosema alichouza ni matumizi ya siku moja au ni picha yenyewe milele. Picha inaingia kwenye mashine ya ofisi. Miaka mitano baadaye anaiona kwenye kipeperushi cha shirika fulani, na anapouliza anaambiwa ilitolewa na gazeti. Anapouliza gazeti, mhariri aliyemtuma alishahama. Wapo wanaonyamaza kwa kuogopa kukosa kazi ya kesho. Nzima angalau alikuwa na kitu cha kumsaidia: kila mtu alijua kwamba ile ni picha yake. Mpigapicha Wetu hana hata hilo.

Jambo jingine ambalo vyumba vyetu vya habari hulipita ni hatima ya waliomo ndani ya picha. Mbuyisa Makhubu hakuwa mwanasiasa. Alimbeba mtoto asiyemjua kwa sababu alikuwa karibu. Picha ilipotoka, polisi wakamtafuta, akakimbilia Botswana, kisha Nigeria. Barua ya mwisho aliyopata mama yake, Nombulelo Makhubu, ilitoka Nigeria mwaka 1978. Mama alifariki mwaka 2004 bila kumwona. Jina la familia ya Hector lenyewe lilikuwa Pitso. Walijiita Pieterson ili wapite kama Machotara, maana chini ya Makaburu jina lilikuwa na uwezo wa kufungua mlango au kuufunga. Antoinette Sithole aliishi kuyasimulia yote hayo kwa wageni wanaofika Orlando West, kwenye makumbusho yenye jina la mdogo wake, yaliyofunguliwa mwaka 2002. Nzima alilijua deni lake kwa familia hizo. Picha moja iliwaondoa watu wawili katika maisha yao, aliyembeba mtoto na aliyepiga, na wote wawili hawakuwa wamefanya kosa.

Katika uzee, heshima zilikuja. Mwaka 2011 serikali ya Afrika Kusini ilimtunuku Nishani ya Ikhamanga, daraja la shaba. Mwaka 2016 jarida la Time la Marekani liliiweka picha yake katika orodha ya picha 100 zenye ushawishi mkubwa kuliko zote. Vijana wa Bushbuckridge waliotaka kujifunza kamera walimwendea, naye akawafundisha, kama Rikotso alivyomfundisha yeye hotelini. Daraja la shaba, niseme ukweli, naliona dogo kwa mtu yule. Waliopewa dhahabu wengine hakuna anayekumbuka walifanya nini.

Sam Nzima alifariki Mei 12, 2018, akiwa na umri wa miaka 83, zikiwa zimesalia wiki tano kufika Juni 16 nyingine.

Wahariri wenzangu, Siku ya Mtoto wa Afrika itafika tena na picha ile mtaitafuta, maana kila mwaka tunaitafuta. Mkiiweka ukurasani, andikeni chini yake: Picha na Sam Nzima. Na kwa ile ya ukurasa wa pili, ya watoto wa Dodoma au Kisumu wakiandamana, mwulizeni aliyeileta anaitwa nani, na mwandikeni hivyohivyo. Nanyi vijana mnaobeba kamera mitaani, kabla ya kukabidhi kadi ya picha kwa mtu yeyote, daini karatasi, isomeni, na mbaki na nakala zenu za asili.